Jua la Kiangazi, Betri ya Masika
Mhadhara kuhusu sola na misimu kando ya mto Tana

Nimeombwa nizungumzie sola, na nitaizungumzia, lakini mnivumilie nianzie mtoni.

Mto huu unaotupitia ndio uliowasha taa za Nairobi. Huko juu, kwenye mabwawa ya Seven Forks, maji ya Tana yalianza kuzungusha mitambo ya Kindaruma mwaka 1968, kisha Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Vituo vitano, mto mmoja. Maji yakishamaliza kazi hiyo huteremka polepole, yakapita Garissa, Nanighi, Bura, Hola na Garsen mpaka Kipini baharini, na katika safari hiyo yote hupita mbele ya nyumba ambazo stima haijawahi kuzifikia. Mji wa Garissa wenyewe uliishi kwa jenereta za dizeli mpaka ulipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2016. Nyaya za kilovolti 220 zinapita Garsen kuelekea Lamu, na watoto wa njiani huzitazama tu, maana umeme wa msongo ule hauteremki kijijini bila kituo cha kuupoza. Hata ule uwanja mkubwa wa sola wa Garissa, wa megawati 50, uliofunguliwa rasmi Desemba 2019, nguvu zake huingia kwenye gridi. Jua ni letu, umeme ni wa wote, na mfugaji wa Fafi jirani anabaki kuuona mng'ao wa vioo tu.

Ndiyo maana kwetu sola ya nyumbani haikuja kama anasa. Wala si jambo geni nchini. Mwaka 1984, Mmarekani aliyeitwa Harold Burris alikuwa akifunga paneli Meru, na shule ya sekondari ya Karamugi ikawa miongoni mwa shule za kwanza kupata taa za jua, kwa bidii ya mwalimu wa kujitolea, Mark Hankins. Wakulima wa kahawa na chai waliziona wakanunua kwa fedha zao taslimu. Wao walikuwa na malipo ya mazao yanayokuja kwa wakati unaojulikana. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ikaanza kuuza sola kwa malipo madogo madogo ya kila siku kupitia simu, na hapo ndipo taa zilipoanza kuenea kwa watu wasio na kahawa wala chai. Mwaka 2017 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa sola wa KOSAP, wa kaunti 14 zilizosahauliwa na gridi, Tana River na Garissa zikiwamo.

Vifaa basi vipo, na vinazidi kuja. Ninalotaka kusema leo ni kwamba vinakuja vikiwa vimepigiwa hesabu ya mwaka mzima, ilhali binadamu haishi mwaka mzima kwa siku moja. Huishi mwezi kwa mwezi. Na kuna mwezi mmoja au miwili ambayo ndiyo huua betri.

Mtu atasema: sisi tuko ikweta, misimu gani hiyo? Ana hoja. Nanighi iko kama digrii moja tu kusini ya ikweta. Mchana wetu ni wa saa kumi na mbili Januari kama Julai. Mtu wa London ana haki ya kulia: Desemba jua lake linachomoza saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Kwetu, jua la mchana husimama utosini katika nusu ya pili ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Juni linaegemea kaskazini, Desemba linaegemea kusini, na hata linapoegemea mno, paneli iliyolala tambarare haipotezi hata moja ya kumi ya nguvu za saa sita mchana. Kwa hiyo fundi anayeinua paneli kama paa la msikiti, eti kitabu kimesema, amesoma kitabu cha nchi nyingine. Digrii kumi mpaka kumi na tano zinatosha, na hizo ni za kuteremsha mvua na vumbi, wala si za kulifuata jua.

Misimu yetu haiko katika urefu wa mchana. Iko katika mawingu, joto, vumbi na maji. Wafugaji wa Kisomali wanaugawa mwaka mara nne, gu, hagaa, deyr na jilaal, na sisi wa Kiswahili tuna masika, kipupwe, vuli na kaskazi yetu. Kila kipande kati ya hivyo kinaigusa paneli kwa namna yake.

Niwape nyumba ya mfano. Si nyumba ya mtu, ni hesabu. Ina paneli ya wati 100 na betri ya risasi ya ampea-saa 100. Taa tatu za wati tano zinawaka saa tano. Televisheni ndogo ya wati 20 inatazamwa saa nne. Redio ya wati tano inaimba saa sita. Simu nne zinachajiwa, kila moja wati-saa kumi. Jumlisha: wati-saa 225 kwa siku.

Februari, jua likiwa kali, paneli ile hupata sawasawa na saa tano na nusu za jua kamili. Hiyo ni wati-saa 550 kwenye karatasi. Toa theluthi na zaidi kidogo kwa joto, waya, vumbi na hasara za betri, unabaki na kama 360. Nyumba inatumia 225. Kuna ziada ya 135 kila siku! Kufikia alasiri betri imejaa, kontrola inayoilinda betri inaukataa umeme uliobaki, na mwenye nyumba anaona kwa macho yake kuwa jua linapotea bure. Basi anaongeza. Simu za majirani kwa shilingi ishirini, feni, spika ya vijana. Haya yote ni halali yake. Kosa ni kwamba sola hununuliwa mwezi huo, hujaribiwa mwezi huo, na husifiwa mwezi huo.

Kisha masika yanaingia. Siku ya mawingu mazito hutoa saa mbili tu za jua kamili, na baada ya hasara unapata wati-saa 130. Nyumba ile, hata bila feni wala simu za majirani, inapungukiwa na 95 kila siku. Betri ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ya risasi usiichote zaidi ya nusu kama unataka ikae, kwa hiyo akiba halali ni 600. Gawanya: siku sita. Hiyo ni betri mpya. Betri ya miaka miwili, iliyokaa chini ya bati la moto, inaweza kuwa imebakiwa na nusu ya uwezo wake, na hapo akiba ni siku tatu. Siku ya nne kontrola inakata taa ili kuiokoa betri.

Na hapa ndipo betri nyingi huuawa, si na mvua bali na mkono. Mtu anaona kontrola "imeharibika". Anaita kijana mwenye bisibisi, kijana anaruka kontrola, anafunga taa moja kwa moja kwenye betri. Taa zinawaka! Kijana anasifiwa, analipwa. Ukichukua mita ukapima ncha mbili za betri ile iliyotulia, badala ya volti 12.7 za betri iliyojaa, au 12.2 za betri iliyofika nusu, unakuta 11.5. Mvua ikikatika, ile ziada ndogo ya kila siku inahitaji siku nne tano za jua kuirudisha betri iliyoshuka mpaka nusu; hiyo iliyonyonywa mpaka chini huhitaji zaidi, na wakati wote huo ganda la salfeti linakaa kwenye sahani za risasi na kukataa kutoka. Kufika Juni watu wanasema sola ni feki. Pengine ni feki kweli, zipo. Mara nyingi ni masika.

Juni hadi Agosti nayo ina hila yake. Mvua imepungua, watu wanatarajia jua kurudi, lakini upepo wa kusi unaleta mawingu ya chini ya asubuhi yanayochelewa kutawanyika. Betri iliyotoka masika ikiwa dhaifu haipati nafasi ya kujaa sawasawa. Nawaomba mafundi muutie maanani msimu huu, kwa sababu hausemwi. Mvua husikika juu ya bati, wingu la kipupwe halisikiki.

Upande wa matumizi nao una mwezi wake, na huo unafuata mwandamo. Ramadhani hubadilisha usiku: daku inapikwa, taa zinawaka alfajiri, watu wanakesha. Mzigo wa usiku hupanda mwezi mzima. Ikiangukia Februari au Machi, kama miaka hii, jua linaubeba. Lakini Ramadhani ya 2018 iliingia katikati ya Mei, mto ukiwa umevunja kingo na familia ziko kwenye mahema. Mnaokumbuka mnajua daku ya mwaka ule ililiwa kwa mwanga gani. Ramadhani hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Kufikia 2035 itakuwa Novemba, kilele cha vuli. Anayewafungia sola misikiti leo aliweke hilo kwenye daftari.

Sasa joto, na hapa watu hunibishia. Jua kali si rafiki kamili wa paneli. Ile namba ya wati 100 nyuma ya paneli imepimwa seli zikiwa nyuzi 25. Machi saa saba mchana, juu ya bati, seli zinafika nyuzi 60 na zaidi, na kila nyuzi moja inayozidi hula karibu nusu ya asilimia moja ya nguvu. Unapoteza wati 14 hadi 16 katika mia kabla hujawasha kitu. Dawa yake ni rahisi mno: acha nafasi ya kiganja kati ya bati na paneli, upepo upite. Betri ya risasi inaumia zaidi, kwani kila nyuzi kumi juu ya 25 hupunguza umri wake karibu nusu. Nyumba ya udongo yenye paa la makuti, ambayo wataalamu wa maendeleo wamekuwa wakituhimiza tuiache, ni chumba bora cha betri kuliko nyumba ya mabati. Nalisema hilo kwa furaha kidogo.

Vumbi la kiangazi linajulikana. Ila lioshwe alfajiri, kioo kikiwa baridi, kwa maji yasiyo na chumvi; maji ya visima vyetu vingi yakikauka huacha utando mweupe, na hapo umeondoa vumbi ukaweka chokaa. Na kuna mathenge. Mti huu uliletwa Bura na Hola miaka ya 1980, pamoja na mengine, uwe kuni za walowezi wa miradi ya umwagiliaji, yaani uliletwa kama nishati. Leo umekuwa ukuta wa miiba unaoziba njia, unaong'oa meno ya mbuzi kwa utamu wa maganda yake, na juu ya hayo unatia kivuli kwenye paneli. Kivuli cha tawi moja juu ya seli chache kinaweza kuangusha nguvu za paneli nzima, kwa sababu seli zimefungwa mfululizo. Panga linahesabika katika vifaa vya sola.

Mafuriko yanahitaji maneno yake. El Niño ya 1997 na 1998, 2018, vuli ya 2023, tena masika ya 2024: mto huu hauombi ruhusa. Mpokomo analima kwenye udongo ambao mafuriko ndiyo yaliyouleta, kwa hiyo kumwambia ahame moja kwa moja ni kumwambia aache shamba. Atahama kwa muda, kisha atarudi. Sola inayomfaa ni ile inayohama naye. Paneli iliyochomelewa kwenye paa na betri iliyokaa sakafuni, ndiyo ramani inayopendwa na wakandarasi, ni mali ya kuachiwa maji. Betri iwe kwenye rafu, juu ya alama ya maji ambayo wazee wa kijiji wanaijua vizuri kuliko ofisi yoyote. Paneli ifungwe kwa nati za kufungulika kwa vidole. Waya ziwe na plagi. Mwanamke aliye peke yake na watoto, usiku, maji yakiwa magotini, aweze kuing'oa bila fundi. Kambini ndiko taa inakohitajika kuliko nyumbani: nyoka wanatafuta nchi kavu kama sisi, na simu ndiyo inayojua boti iko wapi. Mfugaji wa Kiorma au Msomali hahitaji somo hili. Paneli yake ndogo imeshazoea mgongo wa punda.

Kuhusu malipo nitasema kwa ufupi, japo uchungu wake ni mrefu. Mpango wa kulipa kila siku unadhani kipato huja kila siku. Ukame wa 2020 hadi 2023, mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo, ng'ombe walikonda, bei ikaanguka, wengine wakafa njiani. Anga lilikuwa jeupe, jua limejaa, na mwenye deni taa yake imefungwa kwa kukosa malipo. Kiangazi kina jua bila fedha. Baada ya mvua kuna maziwa na mnada, lakini mawingu. Kampuni ikitaka kuuza kwa wafugaji ikubali kulipwa kwa msimu, kama duka la kijiji linavyokopesha unga na sukari likingojea mnada.

Nimetaja mpaka sasa mahali ambapo jua na haja zetu zinapishana. Kuna mahali pamoja zinapokutana, napo ni maji. Kiangazi kinapokaza, kiu inapanda, na siku hizohizo paneli inatoa zaidi. Masika pampu inapolegea, mabwawa ya mvua yamejaa, hakuna anayeiulizia. Pampu ya sola haihitaji hata betri: maji yakipandishwa tangini mchana, tangi ndilo akiba ya usiku. Kama ningepewa fedha kidogo na kuambiwa nichague kati ya taa na kisima, ningeanza na kisima.

Hapo ndipo Nanighi inapoingia. Ukitaja jina hilo, watu wa Fafi watafikiria wadi yao ng'ambo ya mashariki ya mto. Watu wa Bura watafikiria pampu. Mradi wa umwagiliaji wa Bura ulipata fedha za Benki ya Dunia mwaka 1977, ukikusudia kulima pamba kwenye hekta 6,700. Maji yalitakiwa yaingie kwa kuteremka yenyewe. Gharama zikapaa, ujenzi wa lango la kuingizia maji ukaahirishwa, na Nanighi pakawekwa pampu za dizeli "za muda". Mradi ukapunguzwa hadi kama hekta 2,500. Pampu za muda zikabaki. Kila ziliponyamaza, kwa kuharibika au kwa kukosa mafuta, mimea ilikauka si mbali na mto mkubwa kuliko yote Kenya.

Vijana wengi huniuliza kwa nini pasiwekwe sola Nanighi. Tupige hesabu. Kuinua mita moja ya ujazo ya maji kila sekunde kwenda juu mita kumi kunataka karibu kilowati 100 kabla ya hasara za pampu, na shamba la ukubwa ule linataka zaidi ya mita moja, tena mahindi na pamba hazinywi kwa ratiba ya jua. Inawezekana, lakini ni uwanja mzima wa paneli kwenye ardhi ya mafuriko. Serikali ilirudia wazo la mwanzo: mfereji wa kuteremsha maji kutoka Korakora, zaidi ya kilomita 20 juu ya hapo. Naafiki. Mteremko haujui wingu wala bei ya dizeli. Mpenda sola asione haya kusema kwamba hapa jibu ni mfereji.

Visima vya mifugo, huko mbali na mto, ndivyo vya sola. Na huko nina onyo ambalo silisikii kwenye sherehe za kukata utepe. Jenereta ya dizeli ilikuwa na ubaya wake, ila ilikuwa breki. Mafuta yalinunuliwa kwa mchango, kwa hiyo mvua ikinyesha jenereta ilizimwa, mifugo ikaenda malisho ya mbali, na nyasi za karibu na kisima zikapumzika zingojee kiangazi cha jilaal. Jua halichangiwi. Pampu ya sola inaamka asubuhi bila kuamshwa, masika kwa kiangazi, tangi linajaa, birika linafurika, na mwenye mbuzi haoni sababu ya kusogea. Miaka miwili mitatu, pembezoni mwa kisima pamekuwa jangwa la kinyesi na vumbi, na vumbi hilo linarudi kukaa juu ya paneli.

Kwa hiyo mkipewa pampu, kabla ya kuuliza ina wati ngapi, ulizeni swichi yake itafungwa mwezi gani na ufunguo utakaa kwa nani. Wazee wa malisho walikuwa na utaratibu wa visima vya akiba, vya kufungwa majira ya mvua, muda mrefu kabla paneli haijavumbuliwa. Mkandarasi aweke kufuli kwenye sanduku la kontrola, jambo la shilingi mia chache, na kamati iandike tarehe ya kufunga na ya kufungua pamoja na wafugaji wanaohamia, si wakaazi peke yao. Pesa ambazo zingenunua dizeli ziendelee kuchangwa vilevile, kwa sababu inveta ya pampu itakuja kufa siku moja, na itachagua Februari.